Bango la Tani Liwekwe Kifaru, Lisisubiri Darajani

Katika barabara kuu inayotoka Chalinze kupitia Segera, Same na Mwanga hadi Himo na Arusha, Kifaru ni mahali ambapo msafiri wa masafa marefu anaweza kupita bila hata kupatambua. Kwa dereva wa lori pana uzito mwingine. Hapo ndipo barabara ya mkoa inapochepuka kwenda Butu na Kichwa cha Ng'ombe, na kutoka kwenye michepuko ya namna hiyo, kuanzia Kifaru hadi Mwanga, Lembeni na Same, ndiko zinakogawanyika barabara za wilaya zinazopanda milima ya Upare au kuzunguka miguuni mwake. Akiwa juu ya lami ya barabara kuu, sheria ya Afrika Mashariki inamruhusu kuendesha gari lenye uzito wa hadi tani 56, na tela lake likiwemo urefu wa hadi mita 22. Akishaziacha njia kubwa na kuingia zile za wilaya, yuko juu ya makalavati, madaraja na kona zilizojengwa kwa hesabu nyingine kabisa. Gari ni lile lile, leseni ni ile ile, mzigo haujapungua hata kiroba kimoja, lakini ruhusa imebadilika. Kinachomwambia hivyo ni bango tu. Hoja ya makala haya ni kwamba bango hilo linapaswa kusimama pale ambapo dereva bado ana uwezo wa kuchagua, yaani njia panda, na kwamba likisimama darajani peke yake halimsaidii dereva wala haliliokoi daraja.

Kabla ya kubishana kuhusu mahali pa kuliweka, ni vizuri kujua linasema nini, kwa sababu alama za kuzuia magari makubwa ziko za aina kadhaa na kila moja ina neno lake. Duara lenye mzingo mwekundu na picha nyeusi ya lori linakataza malori kuingia. Kiwango cha tani kikiandikwa hapo au kwenye kibao kidogo chini yake, katazo linawahusu wanaozidi kiwango hicho tu. Duara lenye namba na herufi t peke yake linazungumzia uzito wa gari zima pamoja na kila kilichomo: chuma, mafuta, mzigo, utingo na dereva mwenyewe. Namba hiyo ikichorwa pamoja na ekseli, linalohesabiwa ni uzito unaobebwa na ekseli moja. Picha ya lori yenye mishale inayoelekea mbele na nyuma, pamoja na namba ya mita, ni urefu. Mishale miwili inayotazamana kutoka pembeni ni upana, na ikitazamana kutoka juu na chini ni kimo. Lugha hii ya michoro ilipangwa kimataifa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 ili mtu asiyejua kusoma, au asiyejua lugha ya nchi anayopita, aelewe. Alama zetu zinafanana nayo kwa sehemu kubwa.

Ugumu unaanzia kwenye namba yenyewe. Mtaani kwetu lori hutajwa kwa mzigo linaobeba. Fuso huitwa la tani 10, kenta la tani 3, semi la tani 30, na tajiri, dalali na mkulima wote wanaelewana hivyo. Sasa dereva wa fuso aliyepakia tani 10 za mahindi akikutana na duara lililoandikwa 10 t, kama yale yanayoonekana katika barabara nyingi za wilaya, anaona kabisa kwamba yuko ndani ya kiwango. Lakini fuso lile, likiwa tupu na bodi lake la mbao na chuma, lenyewe ni tani 5 au 6. Linapokanyaga kalavati lina tani 15 au 16, yaani limezidi kiwango kwa nusu nzima. Na dereva huyo hakuwa mhalifu dakika chache zilizopita. Kwa viwango vya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, lori la ekseli mbili linaruhusiwa tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli ya nyuma yenye tairi nne, jumla tani 18. Angepita mizani ya Njia Panda pale Himo akiwa huru, akasalimiana na wapimaji na kwenda zake. Mtu huyu anahitaji maelezo kabla ya kuhitaji faini, na duara lenye namba na herufi moja halimpi maelezo hayo. Kibao kidogo chini yake chenye maneno sita, "uzito wa gari pamoja na mzigo", kingemaliza ubishi.

Wapo wanaodhani viwango hivi vimebuniwa ofisini ili kupata mapato. Ushahidi unasema vinginevyo. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois nchini Marekani, wahandisi walijenga barabara maalumu za majaribio, kisha malori yaliyoendeshwa na wanajeshi yakazizunguka mfululizo hadi ekseli zaidi ya milioni moja zikawa zimepita. Walichokigundua ndicho kilichozaa kanuni inayotumika hadi leo karibu dunia nzima: madhara ya ekseli kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, barabara inaumia mara 16. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 13, mwenye mzigo anapata nyongeza ya asilimia 30 lakini barabara inapata karibu mara tatu ya madhara. Kwa kipimo hicho hicho, ekseli moja ya tani 10 inaichosha barabara sawa na ekseli 160,000 za gari dogo zenye nusu tani kila moja. Jaribio lile lilikuwa la barabara za lami na zege. Barabara ya changarawe iliyolowa mvua za masika haina hata uvumilivu huo: tairi za lori zito zinachimba mifereji miwili, maji yanaipata njia, na baada ya wiki mbili hata bodaboda inapita kwa kusukumwa.

Daraja na kalavati vina shida ya namna nyingine. Barabara huchakaa kidogo kidogo, kila lori likichukua sehemu yake. Kalavati linaweza kubeba maelfu ya magari mepesi kwa miaka bila ufa, kisha likavunjwa na gari moja kwa mpito mmoja. Ndiyo maana zipo alama mbili tofauti za uzito. Lori refu lenye ekseli nyingi husambaza mzigo wake. Semi la ekseli sita lenye tani 50 linabeba 8 mbele, 18 kwenye ekseli pacha za kichwa na 24 kwenye ekseli tatu za tela. Kwenye lami iliyojengwa vizuri, gari hilo linaweza kudhuru kidogo kuliko fuso lililojazwa kupita kiasi. Juu ya daraja lenye urefu wa mita 30, tani zote 50 zinakuwa juu yake kwa wakati mmoja, na hapo ndipo uzito wa gari zima unapokuwa jambo la kuangaliwa. Juu ya kalavati la mita mbili inapita ekseli moja au kundi moja la ekseli kwa zamu, na hapo kinachoumiza ni uzito wa ekseli. Dereva anayejua tofauti hii anaelewa kwa nini bango moja linamkataza na jingine linamruhusu, badala ya kuyaona yote kama vikwazo vya bahati nasibu.

Urefu ndio katazo linalodharauliwa kuliko yote, na katika milima hii ndilo linalostahili heshima kubwa. Magurudumu ya nyuma ya semi hayafuati njia ya magurudumu ya mbele. Yanakata ndani ya kona. Hesabu yake ni ile ya pembetatu mraba ya darasani. Chukua kona ya kurudi nyuma yenye nusu kipenyo cha mita 15, na tela ambalo kutoka pini ya kuunganishia hadi katikati ya ekseli zake ni mita 9. Kichwa kikifuata mduara wa mita 15, ekseli za tela zinavutwa kuelekea mduara wa mita 12. Ni tofauti ya mita 3. Ongeza upana wa gari wenyewe, karibu mita mbili na nusu, na utapata kwamba lori linahitaji njia yenye upana wa mita tano na nusu ili lizunguke kona hiyo bila kuingia mtaroni upande mmoja au kuning'inia upande mwingine. Barabara nyingi za kupanda Upare hazina upana huo kwenye kona, na haziwezi kuupata bila kukata mlima. Kwa hiyo bango la urefu halipimi ustadi wa dereva. Dereva hodari kuliko wote Kilimanjaro hawezi kulipunguza tela mita hata moja.

Sasa tuirudie hoja ya mahali. Desturi ni kuliweka bango pale penye tatizo: uzito darajani, urefu kabla ya kona. Kwa mhandisi hilo lina mantiki, kwa kuwa ndipo kiwango kinapohusika. Kwa dereva wa gari la mita 17 limekuja kwa kuchelewa. Amekwisha acha lami, amepanda kilomita kadhaa, barabara ina upana wa gari moja na kidogo, upande mmoja ni ukingo wa mlima na mwingine ni bonde. Hawezi kugeuza. Kurudi kinyumenyume na tela kwenye mteremko, utingo akiwa nyuma anapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti "lete, lete, kata", huku bodaboda na kenta za abiria zikisubiri nyuma yake, ni hatari kuliko lile analokatazwa. Basi anafanya kinachobaki, anapita. Daraja likibeba, anakuwa amejifunza kwamba bango lilikuwa uongo, na ataliambia hivyo kundi zima la madereva wenzake. Lisipobeba, barabara ya vijiji kadhaa imekatika. Kwa vyovyote vile, katazo lililotolewa mahali ambapo haliwezi kutiiwa limewafundisha watu kutotii, na hasara hiyo huenea hadi kwenye alama nyingine zote.

Njia panda mambo ni tofauti. Pale Kifaru dereva bado yuko kando ya lami, ana nafasi ya kusimama na ana mtandao wa simu. Hili la simu nalitilia mkazo kwa sababu tunapenda kumlaumu dereva kana kwamba ndiye mwenye gari, mwenye mzigo na mwenye uamuzi. Wengi wao ni waajiriwa. Akimpigia tajiri akiwa njia panda na kumwambia "bango linasema tani 10, sisi tuna 16", tajiri ana la kufanya: atafute kenta za kufaulishia mzigo, au akubaliane na mwenye mali ashushie hapo hapo. Akimpigia akiwa darajani, jibu atakalopata tunalijua. Bango la njia panda linampa dereva ushahidi wa kumkinga dhidi ya amri mbaya, na linampa askari wa usalama barabarani msingi wa haki wa kumwadhibu anayelipuuza, kwa sababu hakuna tena wa kusema sikujua au sikuwa na pa kugeuzia. Bango la darajani libaki, maana ndilo ukumbusho wa mwisho. Lakini lisiwe la kwanza.

Mpinzani makini atasema kwamba tahadhari za mapema hazijawahi kumzuia dereva asiyetaka kusikia, na ana mfano wa nguvu. Katika mji wa Durham, jimbo la North Carolina nchini Marekani, daraja la reli lenye uwazi wa futi 11 na inchi 8, kama mita 3.56, liligongwa na malori zaidi ya mara 100 mbele ya kamera iliyowekwa mwaka 2008. Kulikuwa na alama za onyo kabla ya kulifikia. Mwaka 2016 ikaongezwa taa nyekundu inayowashwa na kipima kimo, na bado malori yaliendelea kukwanguliwa paa, hadi mwaka 2019 daraja likainuliwa kwa inchi 8. Mfano huu nauchukulia kwa uzito, ila nausoma tofauti. Mengi ya malori yale yalikuwa ya kukodi, yakiendeshwa na watu waliozoea magari madogo na wasiojua kimo cha gari walilokuwa wamelishika siku hiyo. Bango liliwapa nusu moja ya hesabu, wao hawakuwa na nusu nyingine. Kwetu nusu hiyo inayokosekana ni uzito wa gari lenyewe na urefu wake, na dawa yake ni rahisi: uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa uandikwe ubavuni mwa mlango kwa namba zinazoonekana, na utingo ajue kuzijumlisha. Durham inatuonyesha kwamba bango la mapema linahitaji dereva anayelijua gari lake. Haionyeshi kwamba bango la kuchelewa lingefanya vizuri zaidi.

Pingamizi la pili linatoka kwa wakulima, na ndilo linalouma. Tangawizi ya Mamba Miamba upande wa Same, na kila kinachovunwa milimani, hushuka kwa barabara hizi. Gari likiwa kubwa, nauli kwa kila gunia inashuka. Ukimwambia mkulima kwamba lori kubwa lisipande, umemwambia alipie kenta tatu mahali pa fuso moja, pamoja na wapagazi wa kufaulisha mzigo chini. Gharama hiyo ni ya kweli na sitaipunguza kwa maneno matamu. Inatakiwa iwekwe kando ya gharama nyingine inayofichika kwa kuwa hailipwi siku ile ile. Kalavati likivunjika masika, mzigo wote wa msimu unakwama juu, mnunuzi anabadili njia kwenda kwingine, na bei inayoshuka ni ya kila mkulima, hata yule ambaye gunia lake halikuwa ndani ya lori lililovunja. Mgonjwa naye anabebwa. Faida ya kupakia kupita kiasi inaingia mfuko mmoja, na hasara inasambazwa kwa kijiji kizima. Na ukarabati unalipwa na Mfuko wa Barabara, ambao fedha zake zinatokana na tozo ya mafuta, maana yake mwenye bodaboda anayenunua lita moja ya petroli anamchangia mwenye lori.

Kuna pia wanaosema mizani inatosha, kwa hiyo mabango ni pambo. Mizani ya Njia Panda inafanya kazi kubwa, na adhabu za sheria ya mwaka 2016 zinapanda kwa kasi kadiri uzito unavyozidi, jambo ambalo ni sahihi kwa kanuni ile ya kipeo cha nne. Lakini mizani ya kudumu iko kwenye barabara kuu. TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa, takriban kilomita 36,000. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina zaidi ya kilomita 140,000 za barabara za wilaya, na huko mlinzi aliyepo kwa kawaida ni bango. Lori lililopakia mlimani linafika mizani likiwa limekwisha vuka makalavati yote dhaifu. Kipimo cha Himo kinagundua kosa ambalo Upare imekwisha lilipia. Kwa jasi ya Makanya, inayochimbwa jirani na barabara kuu, hilo halina neno sana, mzigo unaingia lami mapema. Kwa mazao ya mlimani, mizani na bango vinalinda vitu viwili tofauti.

Pingamizi la mwisho ni la wezi wa vyuma chakavu wanaong'oa mabango: kwa hilo, nguzo za zege na vibao vya plastiki ngumu visivyouzika vinajulikana na havina gharama ya kutisha.

Kinachopaswa kuandikwa Kifaru, na katika kila mchepuko wa aina hiyo, hakihitaji ufundi mkubwa. Kwanza kiwango kidogo kuliko vyote kilichopo mbele, na umbali wake: daraja la tani 10 liko kilomita kadhaa ndani, kona isiyopitisha zaidi ya mita kadhaa iko mbele yake. Pili, maneno yanayosema kwamba uzito ni wa gari na mzigo wake. Tatu, mshale unaoonyesha pa kugeuzia na pa kushushia, kwa sababu bila eneo hilo bango litabaki kuwa ombi: kiwanja cha kufaulishia mzigo kando ya lami, chenye taa na choo, ambacho halmashauri inaweza hata kutoza ushuru mdogo. Nne, kibao cha kubadilishwa kwa msimu, maana barabara inayobeba tani 10 mwezi Agosti huenda isibebe tani 7 mwezi Aprili, na kiwango kisichobadilika mwaka mzima ama kinamwonea mwenye lori wakati wa kiangazi ama kinaiua barabara wakati wa masika. TANROADS ndiyo yenye njia panda na TARURA ndiyo yenye kalavati, kwa hiyo bango hili haliwezi kusimikwa na upande mmoja bila mwingine. Mameneja wa taasisi hizo mbili mkoani Kilimanjaro wana orodha za madaraja yao na viwango vyake. Kazi iliyobaki ni kuzileta orodha hizo hadi ukingo wa lami kabla ya mvua za Machi.